Jinsi ya kulinganisha Kiakha na Kihani bila kudanganywa na majina: mwongozo kamili kwa anayeanza

Wengi wanaojaribu kulinganisha Kiakha na Kihani, lugha za milimani kusini mwa China na nchi jirani, wanaanza na swali moja, eti hizi ni lugha mbili au ni lahaja mbili za lugha moja, na hapo hapo wanakwama. Swali hilo liweke pembeni kwanza. Jibu lake linategemea umesimama upande gani wa mpaka. China serikali inawahesabu Waakha ndani ya kabila rasmi la Wahani, kwa hiyo kwenye makaratasi Muakha wa Xishuangbanna (kusini mwa mkoa wa Yunnan) ni Mhani tu, basi. Ukivuka ukaingia Myanmar, Laos au Thailand, Waakha ni Waakha, wanajitegemea kabisa. Ukiingia Vietnam unakuta Wahani wanaitwa Hà Nhì. Yaani watu walewale wa milima ileile, wino wa ofisi tofauti tofauti.

Kitu ninachotaka uondoke nacho hapa ni kimoja: usihesabu maneno yanayofanana, tafuta utaratibu wa tofauti. Maneno mawili yanaweza kufanana kama mapacha na yasiwe na undugu, na mengine yanatofautiana hadi unacheka kumbe ni damu moja. Haya twende.

Hatua ya 1: Jua unalinganisha nini na nini

Ukoo mkubwa ni Kisino-Kitibeti, ndani yake kuna Kitibeti-Kiburma, ndani ya hicho kuna tawi la Kilolo-Kiburma (Kiburma chenyewe kimo humo), na ndani yake kuna kundi la Kilolo, ambalo siku hizi baadhi ya wanaisimu wanaliita Kingwi kwa sababu jina Lolo China lilikuwa na harufu ya dharau. Kiakha na Kihani wako kwenye Kilolo cha kusini. Kwenye orodha za kimataifa Kiakha kina msimbo ahk, Kihani hni. Iandike hiyo misimbo mahali, itakusaidia kwenye kutafuta data maana majina yanazunguka sana.

Sasa hapa ndipo utamu unapoanza. Wataalamu wa China wanagawa lugha za Wahani mafungu matatu: Ha-Ya, Hao-Bai na Bi-Ka. Ha-Ya ndio ina Kihani cha Lüchun (wilaya ya huko Yunnan) pamoja na Kiakha (wao wanakiita Yani). Hao-Bai ina Kihaoni na Kibaihong, Bi-Ka ina Kibiyo na Kikado. Umeiona hiyo? Kwa mgawanyo huo huo wa Wachina, Kiakha kiko karibu zaidi na Kihani cha Lüchun kuliko Kibiyo kilivyo, ingawa Mbiyo anaitwa Mhani bila ubishi na Muakha wa Thailand haitwi. Halafu kuna Wajino wa hapo hapo Xishuangbanna, nao ni Kilolo cha kusini, ila wao mwaka 1979 walitambuliwa kama kabila lao peke yao. Ndio maana nasema majina ya makabila usiyaamini kwenye kazi hii.

Kwa hiyo kwenye faili lako usiandike "Kihani" tu. Andika Kihani cha wapi: Lüchun, Yuanyang, Jinping, Honghe. Na Kiakha cha wapi: Kengtung huko Shan (Myanmar), Chiang Rai (Thailand), Luang Namtha na Phongsaly (Laos), Xishuangbanna. Ukikutana na takwimu ya sensa ya China ya 2010 inayosema Wahani ni kama milioni 1.66, kumbuka hiyo ni idadi ya watu wa kabila rasmi pamoja na Waakha wa huko, wala haikuambii wangapi wanaongea nini.

Angalizo dogo la adabu: kwenye vitabu vya zamani utakuta majina kama Kaw, Ikaw na Ko kwa ajili ya Waakha. Hayo walipewa na majirani na wenyewe hawayapendi. Yatumie kutafutia data tu, kwenye maandishi yako andika Akha.

Hatua ya 2: Tafuta shahidi wa tatu kabla hujafungua kamusi

Ukilinganisha lugha mbili tu huwezi kujua nani kabadilika na nani kabaki palepale. Unahitaji ndugu wa nje kidogo. Kwa kazi hii shahidi bora ni Kiburma cha maandishi, na nasisitiza cha maandishi, maana tahajia yake imeganda na matamshi ya zamani, ina historia ya tangu karne ya 12, wakati matamshi ya leo ya Yangon yameshakula konsonanti nyingi za mwisho. Neno jicho linaandikwa myak lakini mtu akilitamka k huisikii kama k, inabaki tu kukatika kwa koo. Wewe chukua tahajia.

Shahidi wa pili mzuri ni Kilahu, lugha nyingine ya Kilolo, kwa sababu kimefanyiwa kazi kubwa sana na mwanaisimu James Matisoff, na ni jirani wa Waakha milimani. Ujirani huo una hasara yake pia, nitafika.

Hatua ya 3: Orodha ya maneno

Orodha ya Swadesh ya maneno 100 (maneno ya msingi ambayo wanaisimu hutumia kulinganisha lugha) inatosha kuanzia. Ile ndefu ya 200 na kitu ina vitu kama barafu na bahari, sasa bahari kwa mtu wa milima ya Yuanyang utaipata wapi, utapewa neno la kukopa au maelezo marefu. Matisoff aliliona hilo na mwaka 1978 akatoa orodha yake ya maneno 200 iliyotengenezwa kwa mazingira ya Asia ya Kusini-Mashariki, inaitwa CALMSEA. Ukiipata hiyo achana na nyingine. Ukikosa, chukua Swadesh 100 halafu ongeza mwenyewe mpunga, wali, nguruwe, nyati, mianzi, jembe, chai, pombe ya mchele. Wahani wa Honghe ndio wenye yale matuta ya mpunga yaliyoingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2013, msamiati wa shamba kwao ni mnene na ni wa zamani, itakuwa uzembe kuuacha.

Weka kando kwanza majina ya vitu vya kisasa, majina ya miezi, vyeo vya serikali. Utarudi nayo baadaye kwenye mikopo.

Hatua ya 4: Kusoma tahajia zao (hapa usiharakishe)

Watu wengi wanapotezwa hapa kabisa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kihani rasmi cha China kilipewa maandishi ya Kilatini miaka ya 1957 na 1958, msingi wake lahaja ya Dazhai wilaya ya Lüchun. Toni (kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadilisha maana ya neno) wameziandika kwa herufi mwishoni mwa silabi. Herufi hizo hazitamkwi! Ni alama tu:

-l mwishoni = toni ya juu (55)
bila kitu = toni ya kati (33)
-q mwishoni = toni ya chini inayoshuka (31)
-v = irabu iliyobanwa, toni ya kati
-vq = irabu iliyobanwa, toni ya chini

Hizo namba 55, 33, 31 ni ngazi za sauti, 5 ndio juu kabisa na 1 chini kabisa, namba ya kwanza ni unapoanzia na ya pili unapoishia. Kwa hiyo ukiona ngal na ngaq usidhani moja inaishia na l na nyingine na q. Zote mbili ni ng'a, ile ya ng'ombe wetu, hatuhitaji hata kufundishwa (Wazungu wanahangaika nayo). Ngal ni toni ya juu, maana yake mimi. Ngaq ni toni ya chini, maana yake tano. Nimeona meza za mtandaoni ambazo mtu kaiingiza q kama konsonanti kwenye programu ya kulinganisha, halafu programu ikamwambia Kihani kina konsonanti ya mwisho ya ajabu ambayo Kiakha hakina. Ni takataka tupu.

Kubanwa kwa irabu ni nini? Ni kama unaitamka huku koo limekazwa, sauti inakwaruza kidogo na inakatika mapema. Kwa Kiswahili hatuna, kwa hiyo sikio lako litaikosa mwanzoni. Sikiliza rekodi nyingi kabla hujaanza kujiamini.

Kiakha kina stori nyingine. Hakuna tahajia moja iliyotawala tangu mwanzo. Ya Paul Lewis, mmisionari Mbaptisti aliyefanya kazi Kengtung, ndiyo imeenea sana kwa Waakha Wakristo wa Myanmar na Thailand, na kamusi yake ya Kiakha kwa Kiingereza ya 1968 bado ni chombo cha kazi mpaka leo. Yeye toni anaziweka kama vijialama vidogo baada ya silabi, vingine juu vingine chini ya mstari. Kuna tahajia nyingine za makanisa mengine, kuna ya upande wa China inayofuata mtindo wa q na v, na kuna juhudi za baadaye za Waakha wa nchi mbalimbali kukubaliana tahajia ya pamoja. Maana yake: kabla ya kunakili neno lolote la Kiakha, uliza limeandikwa kwa mfumo gani. Faili moja lenye mifumo mitatu ndani yake ni bora ulifute uanze upya.

Bahati nzuri Lewis huyo huyo, akishirikiana na Bai Bibo, alitoa pia kamusi ya Kihani mwaka 1996. Ukiwa na hizo kamusi mbili una daraja zuri.

Kwa mazoezi ya kusoma tu, tafuta Tamko la Haki za Binadamu la 1948 kwa Kihani. Zuri kuzoea tahajia, ila usilitumie kutoa maneno ya kulinganisha, lugha ya tamko ni ya kutengeneza-tengeneza kwa tafsiri.

Hatua ya 5: Jenga jedwali, silabi moja moja

Fungua Excel au LibreOffice Calc. Safu mlalo moja kwa kila maana. Nguzo: maana, Kihani kama kilivyoandikwa kwenye chanzo, Kihani kwa alama za fonetiki, Kiakha kama kilivyoandikwa, Kiakha kwa alama za fonetiki, Kiburma cha maandishi, Kilahu, chanzo na ukurasa, maoni. Nguzo ya "kama kilivyoandikwa" usiifute kamwe hata ikikukera macho, siku ukigundua umekosea kusoma toni fulani utarudi hapo.

Kisha kata maneno. Lugha hizi nomino nyingi zina silabi mbili, na mara nyingi moja ndio mzizi na nyingine ni kiambishi tu. Mbwa kwa Kihani cha Lüchun ni ha-khɯ, kwa Kiakha a-khɯ (ɯ ni kama u, ila midomo haiviringwi). Ukilinganisha neno zima utasema mwanzo haufanani. Ukikata, unaona mzizi khɯ umekaa pale pale, toni ya chini, na Kiburma kinasema khwe: (nukta mbili hizo kwenye unukuzi wa Kiburma ni alama ya toni nzito). Kilichotofautiana ni kiambishi tu, ha- na a-, na kiambishi kina historia yake, kipe nguzo yake. Moto vilevile: mi-dza kwa wote wawili, ila Kiburma ni mi: peke yake, kwa hiyo silabi ya kulinganisha na Kiburma ni mi tu.

Usipokata silabi, hatua inayofuata haitafanya kazi. Ni kazi ya kuchosha, weka muziki.

Hatua ya 6: Tafuta ulinganifu wa sauti

Kama hujawahi kufanya hii, jipashe moto kwa lugha unayoijua. Kiswahili macho, Kigiriama matso. Kiswahili mchanga, Kigiriama mutsanga. Cheka, tseka. Ukishaona ch upande huu inakutana na ts upande ule tena na tena, hiyo ndio ulinganifu, na hauhitaji kuambiwa maneno "yanafanana". Sasa fanya hivyo hivyo huku milimani, ila ongeza toni.

Chukua haya ya Kihani cha Lüchun na Kiburma cha maandishi (Kihani nakiandika kwa sauti za Kiswahili inapowezekana, Kiburma kwa unukuzi wake, ambamo nga ndiyo ng'a yetu):

mimi: ng'a 55, Kiburma nga (toni ya kawaida, haina alama)
kufa: si 55, Kiburma se (haina alama)
kumi: tshe 55, Kiburma chay (haina alama)
tano: ng'a 31, Kiburma nga:
moto: mi 31, Kiburma mi:
kula: dza 31, Kiburma ca:
mbwa: khɯ 31, Kiburma khwe:

Unaona? Kiburma kisicho na alama, Kihani 55. Kiburma chenye zile nukta mbili, Kihani 31. Hapo hujalinganisha kufanana kwa chochote, umepata kanuni. Kiakha kinafuata mkondo huo huo kwa sehemu kubwa, kina toni tatu pia, juu kati na chini, na ndio sababu moja ya kukiweka karibu na Kihani.

Sasa angalia yale yaliyobanwa. Jicho kwa Kiburma myak, nguruwe wak, sita khrok, nane hrac. Yote yanaishia na konsonanti ya kukatika. Kihani hakina tena konsonanti hizo mwishoni, lakini kote huko irabu imebanwa, na Kiakha hivyo hivyo. Ile k na ile c hazikupotea bure, zimeacha alama kooni. Hii kwa kweli ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, maana inaonyesha jinsi kitu kinavyoweza kufutika mdomoni na bado ukakisoma kwenye irabu. Na ndio maana nilisema irabu iliyobanwa usiipuuze kwenye jedwali, ukiandika a ya kawaida na a iliyobanwa kwa herufi moja umetupa nusu ya ushahidi.

Angalia pia mpumuo, yaani pumzi inayotoka pamoja na konsonanti za mwanzo (kh, ph, th dhidi ya k, p, t). Kwenye lugha hizi mpumuo na kubanwa kwa irabu huwa vinahusiana, kwa hiyo usidhani umepata tofauti mbili wakati ni tofauti moja imeonekana mara mbili.

Halafu utakutana na vichwa vigumu. Tatu kwa Kihani ni so 55, toni ya juu, lakini Kiburma ni sum: yenye nukta mbili. Kanuni ilitaka 31. Mbili kwa Kihani ni nyi 31 irabu ya kawaida, Kiburma hnac, kanuni ilitaka ibanwe. Usipanic na usiitupe kanuni. Namba husemwa kwa mfululizo, moja mbili tatu nne, zinaambukizana, hiyo inajulikana kwenye lugha nyingi duniani. Ziwekee rangi ya njano, endelea na mizizi mingine. Ninachokataza ni mtu kujenga hoja nzima ya undugu kwa kutumia namba moja hadi kumi kwa vile ndizo rahisi kuzipata mtandaoni.

Hatua ya 7: Toa mikopo kabla hujahesabu chochote

Kihani cha Honghe kimezungukwa na Kichina cha Yunnan. Kiakha cha Kengtung kimekaa na Kishan, Kiburma na Kilahu kwa muda mrefu, cha Thailand kinaongeza Kithai, cha Laos kina Kilao na Kilü. Kwa hiyo kila upande umekopa kwa jirani wake, na tofauti nyingi utakazoziona ni za sokoni na shuleni.

Dalili za mkopo: neno la kitu kipya au cha biashara na utawala, au sauti ambayo haipo kwenye maneno ya nyumbani. Kwenye Kiakha kuna dalili moja nzuri sana: irabu iliyobanwa huenda na toni ya kati na ya chini, na ni nadra kuiona na toni ya juu, ukiiona hapo shuku mkopo au jina la mtu. Kuna na dalili ya kinyume, yaani neno linalofanana KUPITA KIASI. Kama maneno ya Kiakha na ya Kilahu yanafanana kabisa wakati kanuni zako zinataka yatofautiane, basi mmoja kamkopa mwenzake. Hiyo ndio hasara ya ujirani niliyoisema juu.

Usiyafute. Yahamishie karatasi ya pili. Mikopo ina habari zake za nani alikaa na nani.

Hatua ya 8: Amua undugu kwa kilichobadilika pamoja

Hapa ndio wengi wanachemsha. Wanaona ng'a ni mimi kwa Kiakha, ni mimi kwa Kihani, wanafurahi, undugu huo! Lakini ng'a ni mimi kwa Kiburma pia, na umbo hilo limeenea Kitibeti-Kiburma chote. Kitu ambacho ukoo mzima umerithi hakiwezi kukuambia nani ni ndugu wa tumbo moja. Vilevile kikanushi ma kinachokaa kabla ya kitenzi, Kiakha wanacho, Kihani wanacho, Kiburma nacho kinacho. Kizuri kwa kuonyesha ukoo, hakina msaada kwa kundi dogo.

Unachotafuta ni badiliko walilofanya wawili hao na wengine hawakufanya. Na kinyume chake, badiliko alilofanya mmoja peke yake, maana hilo linakuambia wapi waliachana.

Mfano mzuri ni ile ile tatu. Kiburma sum:. Kihani so. Kiakha ni sm, yaani s halafu m inayobeba silabi nzima na toni yake, kama ile m ya "mtu" tunavyoitamka. Sasa fikiria. Kutoka sum unaweza kupata sm, irabu imemezwa. Kutoka sum unaweza kupata so, m imedondoka na irabu ikabadilika. Lakini kutoka so ya Kihani huwezi kupata sm ya Kiakha, hiyo m ingetoka wapi? Kwa hiyo ile kauli unayoisikia kwamba Kiakha ni Kihani kilichoharibika huko milimani kusini, hapa inakufa. Kwenye jambo hili Kiakha ndio kimetunza kitu cha kale ambacho Kihani rasmi cha Lüchun kimekipoteza. Wote wawili ni watoto wa lugha mama moja na kila mmoja kaondoka nyumbani na mzigo wake.

Usiniamini kwa neno moja lakini. Nenda kachukue mizizi yote ambayo Kiburma cha maandishi kina m mwishoni: nyumba (im), chuma (sam), njia (lam:), dubu (neno lao ni wak-wam, mzizi ni wam). Itafute kwenye kamusi zote mbili za Lewis uone Kiakha kinafanya nini na Kihani kinafanya nini. Ikirudia, una kanuni. Ikigoma, una swali, na swali zuri ni mali pia.

Zoezi jingine: moja. Kiakha ti, Kilahu tê, Kihani tɕhi (sauti kama ch yetu laini yenye mpumuo). Je, Kihani kimegeuza t kuwa tɕh mbele ya i? Tafuta ti nyingine za Kiakha uone zinakutana na nini Kihani. Usiandike jibu kabla ya kuwa na mifano kadhaa isiyo ya namba.

Hatua ya 9: Sarufi, kwa kifupi

Mpangilio wa maneno hautakusaidia sana kutenganisha. Wote wanaweka kitenzi mwisho (mimi wali kula), sifa inafuata nomino, na namba inakuja baada ya nomino ikiwa na neno lake la kuhesabia. Vitu hivyo vimejaa Kilolo kizima. Nenda kwenye vitu vidogo: yale maneno ya kuhesabia yenyewe (la mtu, la mnyama, la kitu kirefu), kikatazo tha ("usi-"), na hasa vijineno vya mwisho wa sentensi. Kiakha kina mfumo maarufu wa vijineno vinavyoonyesha msemaji amejuaje analolisema, ameona mwenyewe, amehisi kwa njia nyingine, au anakisia. Vijineno hivi kamusi haivionyeshi vizuri, unavipata kwenye hadithi na mazungumzo yaliyorekodiwa. Viandike na sentensi nzima, kijineno peke yake hakina maana.

Hatua ya 10: Nasaba za mababu

Hii wengi hawaijui. Waakha na Wahani wana desturi ya kukariri ukoo wa wanaume kutoka babu wa kwanza, vizazi zaidi ya hamsini, na majina yanafungana: silabi za mwisho za jina la baba ndizo zinaanza jina la mwana. Nasaba ya Waakha inaanza Sm Mi O, kisha O Toe Leh, kisha Toe Leh Dzm. Unaona mnyororo ulivyo. (Hiyo Sm nayo, m yake inabeba silabi.) Upande wa Wahani babu wa kwanza ni huyo huyo, jina likitamkwa kwa sauti za kwao.

Kwa mlinganishi hii ni dhahabu, kwa sababu una jina moja lililotamkwa na pande mbili bila kubadilishwa maana. Ila tahadhari mbili. Majina ya kukariri yanaweza kutunza matamshi ya zamani ambayo kwenye maongezi hayapo, na jina linaweza kufundishwa upya kutoka kijiji kimoja kwenda kingine. Kwa hiyo yatumie kuthibitisha kanuni ulizokwishapata hatua ya 6, usianze nayo. Na nasaba ni kitu cha heshima, kuna mazishi na taratibu zake humo, ukipewa na mzee mwombe ruhusa ya kuiandika na ya kuionyesha wengine, ni ruhusa mbili tofauti.

Hatua ya 11: Sauti na programu

Kama una rekodi, zako au za hazina za mtandaoni, programu ya bure ya Praat itakuonyesha toni kwa mchoro. Pima toni ndani ya mtu mmoja, kisha linganisha maumbo. Hezi (kipimo cha ujuu wa sauti) za bibi wa miaka sabini na za kijana haziwezi kukaa kwenye grafu moja bila kusawazishwa. Andika kijiji alichozaliwa msemaji na mama yake alitoka wapi, maana wanawake huolewa vijiji vingine na mtoto anaweza kubeba toni za mama.

Kwa kupanga ulinganifu kuna EDICTOR ya Johann-Mattis List inayofanya kazi kwenye kivinjari, na LingPy kwa wanaojua Python kidogo. Zinasaidia kupanga sauti kwa nguzo na kukutafutia yanayorudia. Zinakubali faili lolote utakalozipa, hata lenye q za toni zilizosahaulika, kwa hiyo hatua ya 4 na ya 5 hazikwepeki. Hazina kubwa ya mizizi ni STEDT ya chuo cha Berkeley, mradi ulioanza 1987, ukiandika maana unapata maumbo kutoka lugha kibao za Kisino-Kitibeti pamoja na Kiakha na Kihani. Angalia chanzo cha kila umbo humo, maana wameweka kila mwandishi na tahajia yake kama alivyoandika.

Baada ya hapo

Utabaki na kapu la maneno yasiyoingia popote. Usiyalazimishe. Yachukue hayo tu, tengeneza orodha fupi, halafu yatafute kwenye Kihaoni, Kibiyo na Kikado, data zake ni chache na nyingi ziko kwa Kichina lakini zipo. Mara nyingi neno lililoonekana yatima kati ya Lüchun na Kengtung lina ndugu yake huko Mojiang kwa Wabiyo, na hapo ndio unarudi kufungua jedwali la kwanza na kuongeza nguzo.